Siku Viti Vilipotolewa Nje

Jana nililisukuma benchi tena. Jirani wa chini, Mama Joy, akagonga dari yake kwa mpini wa ufagio, kisha akanitumia ujumbe: "Mrembo, unahama ama?" Sihami. Nakaa Mwiki, ghorofa ya tatu, na tangu benchi la mama lifike hapa sijapata ukuta wa kuliegemeza. Chini ya dirisha linachomwa na jua. Kando ya mlango linanigonga ugoko. Nalisukuma, nalikalia kidogo, nasimama, nalisukuma tena. Lakini si nafasi inayonisumbua, najua. Ni harufu. Ukiinua kifuniko chake, harufu ya saipras inatoka mbichi, kana kwamba mbao imekatwa juzi, na mimi narudi kuwa msichana mdogo kule Witeithie, nazunguka nyumba yetu pekupeku, nikiamini kwamba baba yangu amekufa na hakuna mtu mwenye adabu ya kuniambia.

Kama umri wetu ni mmoja, sebule yetu unaijua hata kabla sijakueleza, kwa sababu ilikuwa sebule yenu pia. Sofa za rangi ya damu ya mzee, ile nyekundu iliyokolea, kubwa kuliko mlango, hata leo sielewi ziliingiaje. Kabati la vioo lililojaa vikombe vya wageni ambao hawajawahi kufika. Picha za ukoo zilizotundikwa karibu na dari, zimeinama mbele kidogo, babu na shangazi wakichungulia kilichomo kwenye sahani zetu. Kalenda za miaka iliyokwisha ambazo hazikutolewa kwa sababu picha ilikuwa nzuri. Na juu ya kila kitu, vitambaa. Cucu, mama yake baba, alikuwa Gatuanyaga na mbuzi wake, na alivifuma kwa kroshia mchana kutwa akiwachunga. Vilikuwa kwenye migongo ya sofa, kwenye mikono yake, kwenye stuli, kwenye redio, hata chupa ya chai ilikuwa na nguo yake. Ndani ya sebule hiyo tulipita ubavu ubavu.

Mama hakuweza kukaa ndani yake. Sisemi hivyo kwa mafumbo. Hakuweza kukaa kabisa. Angeketi, aangalie ukuta, asimame, avute stuli huku, airudishe kule. Alikulia kwenye laini za wafanyakazi wa shamba la kahawa, karibu na Ruiru, chumba kimoja na watu wengi, ambapo ukinyoosha mguu usiku unampiga mtu teke. Nadhani maisha yake yote alikuwa akitafuta pa kunyoosha ule mguu. Kisha akapata simu ya kugusa, na ndani ya simu akakuta picha za nyumba.

"Ona hapa, Ciru," aliniita siku moja, tukiwa tunachambua mchele. "Hizi ni nyumba za Skandinavia."

Nikaona chumba cheupe. Ukuta mweupe, dirisha bila pazia, benchi moja ya mbao isiyopakwa kitu, na ua mmoja ndani ya chupa.

"Wameibiwa?" nikauliza.

Mama akacheka mpaka mchele ukamwagika. "Hawajaibiwa. Wamechagua. Huko kwao jua linakuja kwa kuvizia, ndio wanapaka kila kitu white, ndio likija lisipotee hata kidogo."

"Na sisi si tuko na jua?"

"Tuko nalo, na tumelifungia nje na mapazia."

"Sasa wageni wakikuja watakaa wapi?"

Akaniangalia, akaacha kucheka. "Mimi nataka tu mahali macho yangu yatapumzika," akasema.

Baba alikuwa dereva wa lori. Alibeba saruji na mabati, akivuka Malaba hadi Kampala, mara nyingine akipanda mpaka Juba, na akirudi alikuwa na mavumbi ya nchi tatu kwenye nywele. Mimi alikuwa ananiita maitu, yaani mama yangu, kwa kuwa mimi ndiye binti wa kwanza na nimepewa jina la Cucu, kama desturi ilivyo. Mama alipomwonyesha zile picha alizitazama kwa heshima, kichwa upande, kama mtu anayeonyeshwa mtoto wa jirani.

"Paka hata mawingu," akasema. "Lakini kiti changu usiguse. Hicho kitatoka hapa siku mimi nitatoka."

Kiti chake kilikuwa ile sofa ya mtu mmoja, kando ya redio, na kitambaa chake kilikuwa na doa la mafuta ya nywele pale alipolaza kichwa. Baba alisema maneno yale akitania, akanywa chai yake, na alfajiri akaondoka na mzigo wa Juba. Mimi nikayaweka yale maneno moyoni, kwa sababu mtoto hana rafu ya kuwekea utani.

Baada ya siku kadhaa simu yake ikawa mteja, haipatikani. Mwanzoni mama alisema ni mtandao. Kisha akasema ni betri. Kisha akaacha kusema, akaanza kazi.

Alianza na fundi. Karakana ya Fundi Karis ilikuwa kando ya barabara kuu; mbele alianika vitanda na kabati, na nyuma, kwenye kivuli, aliegemeza majeneza ambayo bado hayajapakwa rangi. Watoto wote wa Witeithie walipita pale mbio wakiwa wamezuia pumzi. Mama alinivuta mkono hadi ndani.

"Nataka benchi ndefu, ya saipras. Chini iwe box, juu iwe na kifuniko, ndio niweke vitu ndani. Vanishi usipake."

Fundi Karis akaweka kalamu nyuma ya sikio. "Mama Ciru, saipras bila vanishi inakaa uchi."

"Wacha ikae."

"Watu wataniuliza ni fundi gani alifanya hiyo kitu."

"Waambie ni mimi."

Mimi nilikuwa nimezuia pumzi, kwa hiyo nilisikia nusu tu. Nilichobeba kurudi nyumbani kilikuwa hiki: mama ameagiza sanduku refu lenye kifuniko, na ameliagiza mahali pale.

Kesho yake viti vikatoka nje. Lazima nieleze, ingawa wengi wenu mnajua. Kwetu mtu akifariki, kabla hata ya kuchemsha chai, vijana huingia sebuleni na kutoa kila kitu: sofa, meza, kabati. Chumba hubaki kitupu ili kanisa lilete mabenchi na watu wapate pa kuketi kwa maombi kila jioni mpaka mazishi. Mimi nilikuwa nimeyaona hayo kwa majirani ng'ambo ya ua wetu, babu yao alipofariki. Sofa zao zilikaa nje zikinyeshewa na hakuna aliyejali. Kwa hiyo mama alipoita vijana wawili wa mkokoteni, na zile sofa zikapita mlangoni kwa matusi na jasho, nilisimama kando ya tangi la maji nikihesabu moyoni kinachotoka. Picha zikashuka. Kalenda zikashuka. Vitambaa vikakunjwa ndani ya beseni. Mwisho kikatoka kiti cha baba. Kikawekwa juani, kitambaa chenye doa bado kikiwa mgongoni pake.

Hapo nikajua. Sikulia. Nilianza kutembea tu. Nilizunguka nyumba, nikaenda hadi geti, nikarudi, nikagusa kile kiti, nikaenda tena. Kwa dirisha nilimwona mama akisugua ukuta kwa msasa, leso kiunoni, kitambaa kichwani, uso mweupe kwa vumbi na macho mekundu. Nilijiambia amelia. Baadaye aliniambia ni vumbi, na kwa miaka mingi nilimwamini. Sasa mimi ni mtu mzima na nina mashaka yangu. Nadhani alikuwa akiogopa kitu kilekile nilichokiogopa mimi, ila yeye alikuwa na msasa wa kushika.

Mchana rangi ikaisha, mama akaenda dukani kwa miguu kununua debe lingine. Akiwa huko, mkokoteni wa Fundi Karis ukaingia getini. Benchi lilikuwa limelazwa juu yake, refu, jeupe, na kifuniko kimefungwa kwa kamba ya katani lisije likafunguka njiani. Vijana wakalishusha katikati ya ua, baina ya sofa, wakaenda zao.

Jirani yetu Mama Nekesa, aliyetoka Bungoma na kufanya kazi kiwandani Thika, alikuja kuomba chumvi. Alifika getini akiimba. Akaona viti. Akaona sanduku. Akaniona mimi nimesimama kando yake, pekupeku. Chombo cha chumvi kikamtoka mkononi.

"Wuuuui!" Alishika kichwa kwa mikono miwili. "Wuuuui, Baba Ciru! Baba Ciru wetu!"

Mpaka dakika ile nilikuwa na shaka kidogo, na shaka ile ndiyo ilikuwa imenishikilia wima. Mtu mzima alipolitaja jina, nikaketi chini kwenye mavumbi nikapiga kelele mpaka koo likauma.

Mama alitusikia akiwa bado barabarani. Yeye naye siku zote hizo alikuwa akisubiri habari, na sasa jirani anamlilia mumewe uani kwake, angefikiri nini? Aliamini Mama Nekesa amepigiwa simu. Alikuja mbio, akafika getini, na debe la rangi likaanguka likafunguka. Rangi nyeupe ikatambaa njiani polepole mpaka kwenye mizizi ya mparachichi. Hakuuliza chochote. Alimkumbatia Mama Nekesa, Mama Nekesa akamkumbatia zaidi, na kila mmoja aliamini mwenzake ndiye anayejua.

Wanawake wakajaa uani. Mmoja alikuja na sukari, mwingine na majani ya chai, mwingine akawasha jiko bila kuuliza viberiti viko wapi. Wakaanza wimbo wa taratibu. Mtu fulani akampigia Cucu. Alifika kwa pikipiki kutoka Gatuanyaga, mavumbi mekundu mpaka kwenye kope, na hakumsalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye sanduku, akapiga magoti na kuanza kufungua kamba. Vidole vyake, vilivyofuma vitambaa vyote vile bila kukosea kitanzi, vilishindwa na fundo moja.

"Nipeni nimuone," alisema. "Ni mtoto wangu. Nipeni nimuone."

Mtu akakata kamba kwa kisu. Cucu akainua kifuniko. Harufu ya saipras ikatoka, na ndani mlikuwa na maranda ya mbao tu. Wimbo ukafa katikati ya mstari.

Cucu akatazama ndani, kisha akageuka. "Sasa huyu mtu ako wapi?"

"Mami," mama akasema, sauti imekwisha, "hiyo ni benchi yangu."

"Benchi?"

"Ya kukalia. Ni ile ya Skandinavia."

"Na nani amekufa?"

Mama akamtazama Mama Nekesa. Mama Nekesa akalitazama benchi. "Mimi niliona viti ziko nje," akasema kwa sauti ndogo. "Na hiyo kitu. Nikajua tu."

Ningependa kuwaambia kwamba tulicheka. Hatukucheka, kwa sababu simu ya baba ilikuwa bado mteja, na sasa lile neno lilikuwa limeshatamkwa kwa sauti ndani ya ua wetu. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kila mwanamke pale alikuwa akiufikiria msemo huo na kuumeza. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka. Walikaa kwenye sofa zetu juani, wakisimama, wakiketi, wakichungulia geti. Cucu ndiye aliyechoka kwanza.

"Kama mmekuja mmekuja," akasema, akifunga leso upya. "Hiyo rangi imebaki kwa debe tutaiacha ikauke? Leteni brashi."

Basi wale waliokuja kumlilia baba wakaingia sebuleni wakaipaka. Waliokosa brashi walitumia matambara. Mimi nilipewa kona ya chini karibu na mlango, nikapaka palepale mara nyingi kupita kiasi kwa sababu niliogopa kusimamisha mkono. Mama alipaka ukuta wa dirisha. Cucu alipaka mahali kabati lilipokuwa, akinung'unika kwamba nyumba njema si mlango, lakini hii sasa hata ukifungua mlango haina cha kuona. Mama Nekesa alipaka dari, akilia bado kidogo kwa mazoea.

Jua lilikuwa limeanza kuegemea upande wa Juja tuliposikia geti. Nilikuwa karibu na mlango, kwa hiyo nilimwona mimi kwanza. Baba. Mfuko wa nguo begani, mananasi mawili mkononi, ndevu za wiki nzima. Alikuwa amepiga hatua moja tu ndani ya ua na kusimama. Alikuwa akitazama viti. Alikuwa akitazama kiti chake. Alitazama viatu vya wanawake vilivyopangwa mlangoni, na ile njia nyeupe ya rangi, na nikaona uso wake ukifanya kazi ileile niliyoifanya mimi mchana wote.

"Ni nani?" akauliza. Wengine wote walikuwa ndani. Akaangusha mananasi. "Maitu!" akaita. "Maitu!"

Mpaka leo sijui alikuwa akimwita nani kati yetu. Nilitoka mbio upande mmoja wa mlango, Cucu akatoka upande wa pili, tukaitika sote wawili. Akatushika pamoja, na mimi nikasikia kifua chake kikipanda na kushuka, na nilikaza sikio langu pale nihakikishe. Simu ilikuwa imeibiwa mpakani. Ni hilo tu. Mama hakumkumbatia. Alisimama mlangoni na brashi yake, rangi ikimdondokea mguuni, akaanza kumgombeza kwa Kikuyu kuhusu kuibiwa simu, na hakunyamaza mpaka giza likaingia.

Mama Nekesa alichukua chumvi yake akaenda. "Kuishi kwingi ni kuona mengi," alisema akitoka. "Mtu analiliwa na anakuja na mananasi."

Ile sebule ilibaki nyeupe, na michirizi ya mikono ya watu wengi ilionekana ukutani jua likipiga. Sofa ziliuzwa. Vitambaa mama alivifua, akavipiga pasi, akavilaza vyote ndani ya benchi, na Cucu alipokuja alikuwa akiinua kifuniko kwanza kuhakikisha. Kiti cha baba kilirudi. Kilikaa peke yake katikati ya weupe wote ule, kibaya, cha rangi ya damu ya mzee, na mama hakukisogeza tena hata siku moja. Jioni aliketi kwenye benchi, akanyoosha miguu hadi mwisho, akatulia.

Mwaka huu, wakati wa mvua, mama alifariki. Vijana wa kanisa walifika kutoa viti. Waliingia, wakasimama, mikono ikining'inia. Palikuwa na benchi, ua ndani ya chupa, na baba ameketi kwenye kiti chake.

"Kwani mlishatoa?" mmoja akauliza.

"Alitoa yeye," baba akasema. "Zamani."

Baada ya mazishi aliniambia nichukue benchi. Alisema yeye akiliona anasikia watu wakimlilia. Nikalileta Mwiki, ndani ya chumba changu chenye sofa, na meza, na rafu, na vitu nilivyonunua kwa sababu vilikuwa na punguzo, na sijapata usingizi wala ukuta. Hapa kwenye ploti, kati ya wapangaji wenzangu, sikumwambia mtu. Nilienda nikarudi, nikasema nilikuwa likizo.

Leo asubuhi nimeelewa kwamba benchi si tatizo. Nimefungua mlango nikaanza kutoa. Sofa nimeiburuta hadi ukumbini, kelele zikavuma ghorofa nzima. Meza ikafuata, kisha rafu, kisha kapeti. Mama Joy akapanda ngazi kwa hasira, ufagio ukiwa bado mkononi, tayari kunipa maneno yangu. Alifika juu. Akaona viti viko nje. Akanitazama nimesimama mlangoni pekupeku, na ufagio ukashuka.

"Woi," akasema. "Ni nani?"

"Ni mama," nikajibu.

"Lini?"

"Wakati wa mvua."

"Na siku zote hizo umekuwa hapo juu pekee yako ukivuta viti?"

Mama Joy akavua ndala zake mlangoni, akaingia, akaketi kwenye benchi pale lilipokuwa, katikati ya chumba, akasogea kidogo.

"Kaa," akasema. Nikakaa.